Vidonge vya LP: mmea uko shambani, lakini kipimo kiko wapi?

Mama mzee ana ugonjwa wa tansiyo. Binti yake anarudi kutoka farmasi ya mtaa na kisanduku cha nifedipini. Pembeni ya jina la dawa kumeandikwa herufi mbili: LP. Kule farmasi hakuna aliyemwelezea herufi hizo. Nyumbani, mama anasema kidonge kinamkwama kooni. Binti anachukua vijiko viwili: «Mama, ngoja nikusagie, utakunywa na maji.» Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini dawa iliyotengenezwa ili iingie mwilini kidogo kidogo kwa saa nyingi, sasa inaingia karibu yote kwa mara moja. Tansiyo inaweza kushuka ghafla, mgonjwa akazimia na kuanguka, ao moyo na ubongo vikakosa damu ya kutosha.

Jambo kama hilo linaweza kutokea katika nyumba yoyote ya Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, Uvira ao Lubumbashi. Na halitokei kwa sababu watu ni wajinga. Linatokea kwa sababu kidonge kinauzwa bila maneno yake.

Herufi LP, kwa Kifaransa, zinamaanisha dawa inayotolewa polepole. Kitu kinachoizuia dawa isikimbie, mara nyingi kimetoka katika mmea: mti, pamba, mbegu ao majani ya baharini. Kongo ina mimea ya namna hiyo kwa wingi, na ndiyo maana kila habari ya dawa kutokana na mimea ya Afrika inapokelewa kwa furaha. Furaha hiyo ni ya haki, lakini inasahau nusu ya habari. Mmea unatoa malighafi. Kidonge kinakuwa dawa siku ile mtu anapoweza kusema, kwa kila kidonge na kila kisanduku, ni kiasi gani kinatoka na baada ya saa ngapi. Kipimo hicho ndicho kinachokosekana zaidi mashariki mwa Kongo, kuanzia meza ya farmasi hadi maabara.

Somo la chungu cha dongodongo

Kila mpishi wa Kongo anajua dongodongo, ambayo wengine wanaita gombo. Ikikatwa na kutiwa katika maji ya moto, inatoa ute unaovutika. Ute huo umefanywa na minyororo mirefu ya sukari za aina mbalimbali zilizoshikana. Wanasayansi wanaita minyororo ya namna hiyo polima. Inapokutana na maji inayanywa, inavimba, inashikana na kuwa nzito. Chumvi ikitupwa katika maji matupu, inayeyuka na kuenea upesi. Ikifungwa katikati ya ute mzito, itatoka pia, lakini itachelewa.

Vidonge vingi vya LP vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Unga wa dawa unachanganywa na unga wa polima, kisha mashine inaubana mpaka uwe kidonge kigumu. Kidonge kikifika tumboni, maji yanalowesha kwanza sehemu ya nje. Polima ya nje inavimba na kuwa jeli, na jeli hiyo inazunguka kidonge kama ukuta. Maji yanapenya ukuta polepole, dawa inayeyuka ndani na kutoka polepole. Wakati huo huo jeli ya nje inalika kidogo kidogo, na nyingine inafanyika chini yake. Mwendo wa dawa kwa muda wa saa 8, 12 ao 24 unategemea mambo hayo mawili: dawa kupenya ukuta, na ukuta wenyewe kulika.

Polima inayotumiwa sana kwa kazi hiyo inaitwa hipromelozi. Inatokana na selulozi, yaani nyuzi zinazoshikilia mti na pamba. Viwanda vinachukua nyuzi hizo na kuzibadilisha kidogo kwa njia ya kemia ili zikubali kuvimba ndani ya maji. Ziko polima nyingine: aljinati inayotoka katika majani ya baharini, gundi ya mbegu za guar zinazolimwa kwa wingi India, hasa katika jimbo la Rajasthan, na gundi ya mbegu za mti wa karubi wa inchi za Mediterania. Mgonjwa wa sukari anayemeza metformini LP ya miligramu 500 anaona kwamba kidonge chake ni kikubwa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wake ni polima. Dawa ni miligramu 500 tu. Kinachobaki ni ukuta na vitu vinavyosaidia kidonge kushikana.

Wazo la kuchelewesha dawa si geni. Katika mwaka wa 1952, kampuni ya Marekani Smith, Kline & French ilitoa kapsuli iliyoitwa Spansule, yenye punje ndogo zilizopakwa mafuta na nta kwa unene mbalimbali, ili zisiyeyuke zote kwa wakati mmoja. Tangu wakati huo njia zimeongezeka. Metformini inayotolewa polepole ilikubaliwa Marekani katika mwaka wa 2000, na kinachoichelewesha ni polima zinazotokana na selulozi.

Faida yake mgonjwa anaiona mwenyewe. Metformini ya kawaida inakunywewa mara 2 ao 3 kwa siku. Ile ya LP inakunywewa mara 1, pamoja na chakula cha jioni, na kwa wengi haisumbui tumbo sana. Kwa mkulima anayetoka alfajiri kwenda shamba la mbali, kwa mama anayeshinda sokoni, kwa mtu aliyekimbia vita akiwa na mfuko mmoja mkononi, tofauti kati ya vidonge vitatu na kidonge kimoja kwa siku ni kubwa. Dawa ambayo ni rahisi kufuata ndiyo ambayo mgonjwa anaifuata kweli.

Ukuta unapovunjwa

Faida hiyo ina bei yake. Kwa kuwa kidonge kimoja kinafanya kazi ya siku nzima, ndani yake mna dawa ya siku nzima. Ukuta wa jeli ndio unaomlinda mgonjwa. Mtu akikisaga, akikitafuna ao akikiponda ili akitie katika uji, ukuta unaondoka na dawa ya saa 12 ao 24 inamwagika kwa muda mfupi. Kwa dawa ya tansiyo, ya pumu, ya kifafa ao ya maumivu makali, hilo linaweza kuleta hatari ya kifo. Na baada ya mmiminiko huo, mgonjwa anabaki bila dawa mwilini kwa saa zote zinazofuata, huku akidhani amekunywa kama ilivyoandikwa.

Pombe nayo inaweza kuvunja ukuta. Katika mwaka wa 2005, viongozi wa dawa wa Marekani waliomba dawa ya maumivu iitwayo Palladone iondolewe sokoni, miezi michache tu tangu ianze kuuzwa. Ilikuwa imeonekana kwamba pombe inaharibu namna ya kapsuli kuchelewesha dawa, na kiasi kikubwa kinaweza kutoka kwa mara moja. Tangu hapo wakaguzi wa inchi nyingi wanadai vidonge vya polepole vijaribiwe pia ndani ya pombe. Inchi ambamo kasiksi na lotoko vinanywewa katika kila mtaa inafaa kuwaambia wagonjwa wake jambo hilo waziwazi.

Vilevile, kutoka katika mmea si cheti cha usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vidonge vya kupunguza uzito vilivyoitwa Cal-Ban 3000 vilipigwa marufuku Marekani. Ndani yake mlikuwa gundi ya guar, kitu cha mmea ambacho watu wanakula pia katika chakula. Lakini gundi kavu iliyobanwa ilivimba kabla ya kufika tumboni, ikaziba koo za watu. Mmea ulikuwa ule ule. Kilichokosewa ni kiasi na namna ya kuutumia. Ndiyo sababu kidonge cha polima kinamezwa na glasi ya maji iliyojaa, mgonjwa akiwa ameketi ao amesimama, na si kwa funda moja akiwa amelala.

Kuna pia hofu ndogo ambayo maneno machache yangeiondoa. Baada ya dawa yote kutoka, jeli iliyobaki inaweza kupita tumboni na kuonekana chooni ikiwa na umbo la kidonge. Mgonjwa asiyejua anasema: «Dawa imetoka nzima, haikufanya kazi.» Kesho yake anaongeza kidonge cha pili, ao anaanza kukisaga. Alichokiona kilikuwa ganda tupu.

Dongodongo ya Ibadan

Wazo la kutumia mimea ya Afrika yenyewe kujenga ukuta huo limejaribiwa tayari, na si Ulaya tu. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nijeria, walichukua ute wa dongodongo, wakaukausha kuwa unga, wakaufanya vidonge pamoja na parasetamoli. Waliulinganisha na polima za viwandani, na wakaona kwamba nao unaweza kuchelewesha dawa kwa saa kadhaa. Katika mji huo huo wa Ibadan, gundi ya mti wa Khaya, ndugu ya mbao ya akaju ambayo wafanyabiashara wa Kongo wanaijua sana, ilijaribiwa pia na kuonyesha nguvu ya namna hiyo.

Ni kusema kwamba swali la «je, mimea ya Afrika inaweza?» limekwisha kupata jibu la kwanza. Swali gumu linakuja nyuma yake: kwa nini, baada ya miaka mingi, visanduku vinavyouzwa katika farmasi bado vina hipromelozi ya kiwandani?

Jibu linaanzia shambani. Dongodongo iliyovunwa wakati wa mvua si sawa na ile ya kiangazi. Iliyo changa haitoi ute sawa na iliyokomaa. Udongo unabadilisha kitu, na namna ya kukausha pia. Ute wa mmea ni chakula kizuri cha vijidudu na ukungu. Ukikaa vibaya unaoza, ao unapoteza uzito wake mwezi baada ya mwezi. Kwa mpishi hilo si tatizo, kwa sababu anaonja mchuzi na kuongeza dongodongo nyingine. Kidonge hakionjwi. Ute ukiwa mwepesi kuliko ulivyopangwa, dawa ya saa 12 itatoka kwa saa 4. Ukiwa mzito kupita kiasi, sehemu ya dawa itatoka mwilini bila kumsaidia mgonjwa. Katika hali zote mbili kidonge kitakuwa na sura ile ile, rangi ile ile na uzito ule ule.

Ndiyo maana kazi kubwa ya kidonge cha polepole inafanyika katika chombo cha kioo. Kidonge kinatiwa katika maji yaliyotengenezwa yafanane na yale ya tumbo ao ya utumbo, mara nyingi mililita 900, kwa joto la digrii 37, huku kasia likizunguka mara 50 ao 100 kwa dakika. Baada ya saa fulani yanachotwa maji kidogo, na dawa iliyotoka inapimwa. Kwa kidonge cha polepole haitoshi kupima mara moja. Inafaa kupima angalau nyakati tatu: mwanzoni, kuonyesha kwamba dawa haijakimbia, katikati, kuonyesha kwamba mwendo ni wa sawasawa, na mwishoni, kuonyesha kwamba karibu yote imetoka. Kidonge kinachoshindwa mtihani huo hakifai kuuzwa, hata polima yake ikiwa imetoka katika shamba zuri namna gani.

Wakaaji wa Kivu wana mfano wa karibu zaidi kuliko Nijeria. Kwa miaka mingi Bukavu imejulikana kwa kinini inayotolewa katika maganda ya kinkina, na kampuni ya Pharmakina ilijenga jina lake juu ya mti huo. Watu walikuwa wakichemsha maganda hayo tangu zamani, lakini maganda ya miti miwili hayana kiasi kimoja cha kinini. Anayekunywa maji ya maganda hajui kama amekunywa kidogo kisichotosha ao kingi kinachodhuru. Kiwanda kinatoa kinini, kinaisafisha, kinaipima, kisha kinaiweka kwa kiasi kinachojulikana. Mti ulikuwa wa maana siku zote. Kipimo ndicho kiliufanya uwe dawa ya kuaminika.

Ituri ilikwisha kulipa

Anayefikiri kwamba habari hii ya kupima ni mambo ya wataalamu peke yao, akumbuke Ituri. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1.000 katika eneo hilo walifika kwenye vituo vya afya wakiwa na shingo zilizokakamaa, nyuso zilizojipinda na ndimi zilizotoka inje. Kwanza ilidhaniwa kwamba ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamekunywa vidonge vilivyoandikwa kuwa diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Watoto walikuwa kati ya walioumia, na kuna waliokufa. Ukweli ulijulikana wakati vidonge vyenyewe vilipopimwa.

Vidonge vile havikuwa vya LP, na kosa lake lilikuwa la namna nyingine. Lakini vinafundisha jambo moja: macho hayawezi kujua kilichomo ndani ya kidonge. Shirika la Afya Duniani lilitangaza katika mwaka wa 2017 kwamba, katika inchi zenye mapato ya chini na ya kati, karibu dawa 1 kati ya 10 ni ya uongo ao haina ubora unaotakiwa. Kidonge cha kawaida kinaweza kuwa na kosa katika kiasi cha dawa. Kidonge cha polepole kinaweza kuwa na kiasi sahihi kabisa na bado kikadhuru, kwa sababu ukuta wake hauna nguvu. Maabara inayopima kiasi tu itasema ni kizuri. Kwa hiyo, kadiri dawa za LP zinavyoongezeka katika farmasi za mashariki, zikipitia barabara na mipaka mingi, ndivyo hitaji la kupima mwendo wake linavyokuwa la haraka.

Funzo la gundi ya Sudani

Kuna wanaosema kwamba jibu ni rahisi: Kongo iuze malighafi. Inafaa watazame Sudani. Inchi hiyo ndiyo mtoaji mkubwa wa gundi ya mshita, inayotumiwa katika soda, pipi na vidonge. Umuhimu wake ni mkubwa hivi kwamba, Marekani ilipowekea Sudani vikwazo vya biashara katika mwaka wa 1997, gundi hiyo iliachwa nje ya vikwazo. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa imekuwa ikitoka Sudani ikiwa ghafi. Inasafishwa, inapimwa na kupangwa kwa viwango katika viwanda vya Ulaya, hasa Ufaransa, kisha inauzwa kwa bei nyingine kabisa. Aliyekwea mti na kukata gamba analipwa kwa kilo. Aliye na maabara analipwa kwa uhakika.

Wakongomani hawahitaji kuelezwa sana habari kama hiyo. Wakati wa ukoloni, babu zao walilazimishwa kulima pamba Maniema na Uele, na nyuzi zikaenda zake. Leo madini yanafuata njia ile ile. Ikiwa dongodongo, muhogo na gundi za miti zitauzwa bila kipimo, zitafuata njia hiyo pia, na vidonge vitarudi kwa dola.

Njia nyingine ipo, na haianzi na kiwanda kikubwa. Inaanza na mambo manne, moja baada ya lingine.

La kwanza halihitaji mtambo wowote: maneno kwenye meza ya farmasi. Kila anayenunua dawa yenye herufi LP aelezwe kwa Kiswahili, kabla ya kulipa: usisage, usitafune, usinywe pamoja na pombe, tumia glasi nzima ya maji, usikate bila kuuliza. Visanduku vinavyotoka inchi za Kiingereza vinaandikwa SR, XR, ER ao CR, na vingine vinaandikwa Retard. Maana inakaribiana, na onyo ni moja. Mgonjwa asiyeweza kumeza asiachwe na vijiko viwili. Munganga ao mfarmasia amtafutie dawa ya namna nyingine, kwa sababu mara nyingi ipo. Chama cha wafarmasia na wakaguzi wa afya wa majimbo wanaweza kudai kikaratasi kimoja cha Kiswahili katika kila farmasi. Gharama yake ni karatasi na wino.

La pili ni maabara. Chombo cha kioo chenye kasia si siri ya kijeshi. Vyuo vinavyofundisha ufarmasia vinajua kukitumia. Kinachotakiwa ni kwamba ACOREP, mamlaka ya Kongo inayosimamia dawa, pamoja na wizara ya Afya, vihakikishe kwamba majimbo ya mashariki yana mahali ambapo kidonge cha LP kinaweza kupimwa kwa saa zote zinazotakiwa, na kwamba matokeo yanatangazwa. Dawa inayoshindwa itajwe kwa jina na namba ya kundi lake, ili mgonjwa wa Beni asisubiri habari iliyobaki katika droo ya Kinshasa.

La tatu ni kuanza na mmea ulio rahisi. Kongo ni kati ya inchi zinazolima muhogo mwingi zaidi duniani, na wanga wa muhogo unakubaliwa katika vitabu rasmi vya dawa kama kitu cha kushikanisha kidonge ao cha kukisaidia kupasuka. Huko ukuta hautegemewi kulinda maisha ya mtu kwa saa 24, kwa hiyo kosa dogo haliui. Wanga safi, mweupe, usio na mchanga wala ukungu, wenye unyevu unaojulikana, kundi baada ya kundi: hiyo ingekuwa shule nzuri kwa wakulima, kwa wasindikaji na kwa maabara pia. Anayeshindwa kutoa wanga wa namna moja kwa mwaka mzima hayuko tayari kutoa polima ya LP.

La nne ni utafiti wenyewe. Vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu vina wanafunzi wanaotafuta kazi za kumalizia masomo. Badala ya kurudia tena kwamba ute wa dongodongo unachelewesha parasetamoli, wanaweza kuuliza maswali ambayo bado yanazuia ute huo: dongodongo ya bonde la Ruzizi inatofautiana namna gani na ile ya Kisangani? Unga wake unabaki na nguvu ileile baada ya miezi sita katika joto la Kindu? Vijidudu vinaondolewa vipi bila kuharibu minyororo? Majibu hayo hayatapigiwa makofi katika mikutano, lakini ndiyo yanayotenganisha chakula na kidonge.

Je, hii ni anasa?

Wako watakaouliza kama ni wakati wa kuzungumza juu ya polima, huku watu wanakimbia risasi, barabara zinakatwa na vituo vya afya vinakosa hata glavu. Swali hilo lina uzito. Hakuna jeli itakayoleta amani.

Lakini mgonjwa wa tansiyo anakimbia pia. Anapofika kambini ao kwa ndugu wa mjini, tansiyo imemfuata. Ugonjwa wa sukari haungoji mazungumzo yamalizike. Yule aliye na kidonge kimoja cha siku nzima ana nafasi nzuri kuliko aliye na vitatu, mradi kidonge hicho kiwe cha kweli, na awe ameambiwa namna ya kukinywa. Mahali ambapo munganga ni mmoja kwa maelfu ya watu, na ambapo kosa halitaonekana mpaka mtu aanguke, ndipo uhakika wa kidonge unapohitajika zaidi. Inchi tajiri inaweza kusahihisha kosa la kidonge kwa gari la wagonjwa na kitanda cha hospitali. Kijiji cha Walikale hakina nafasi hiyo.

Wengine watasema kwamba kudai vipimo ni kuwanyima Waafrika heshima ya mimea yao. Ukweli uko upande wa pili. Heshima kwa dongodongo, kwa muhogo na kwa kinkina ni kuzichukua kwa uzito ule ule ambao wengine wanauchukulia mti wa misonobari na pamba zao. Hakuna kampuni ya Ulaya iliyotia nyuzi za mti katika kidonge kwa sababu ya kuupenda mti tu. Walipima, wakashindwa, wakapima tena, mpaka kidonge cha leo kikawa sawa na cha mwaka uliopita.

Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema, na kibaba chenyewe ni kipimo. Kidonge cha LP kinafanya kazi kwa haba na haba hiyo: kidogo saa hii, kidogo saa ijayo, mpaka siku inaisha na mgonjwa yuko salama. Kongo ina mimea ya kujaza vibaba vingi. Inafaa sasa wizara, vyuo na wenye farmasi waonyeshe kibaba chao kiko wapi. Na wakati wakitafuta jibu, kuna kazi ambayo haiwezi kungoja kesho: yule binti atakaporudi farmasi kununua kisanduku kingine, mtu aliye nyuma ya meza ageuze kisanduku, amwonyeshe herufi mbili kwa kidole, na kumwambia: «Dada, hii haisagwi.»